Pedro J. González

Pedro J. González (1895 – Machi 1995) alikuwa mtangazaji wa redio, mwimbaji na mtetezi wa jamii ya Wameksiko waliohamia Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kipindi chake cha alfajiri kilichoitwa Los Madrugadores, yaani Waamkao Mapema, kilichorushwa kwa lugha ya Kihispania katika eneo la Los Angeles, California, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa utangazaji wa Kihispania nchini Marekani.

Kazi yake ilikatizwa mwaka 1934 alipokamatwa na kushtakiwa kwa kosa la ubakaji. Yeye alilikana shtaka hilo maisha yake yote. Alikaa gerezani miaka sita, kisha akafukuzwa nchini. Kesi yake ilitokea katika miaka ambayo Wameksiko wengi walikuwa wakirudishwa kwao kwa nguvu, jambo ambalo yeye alilipinga hadharani kupitia redio.

Maisha ya awali

González alizaliwa katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko, mwaka 1895. Akiwa bado kijana alijifunza kazi ya telegrafu, yaani kupokea na kutuma habari kwa waya kwa kutumia alama za Morse. Kazi hiyo ilihitaji sikio jepesi na mkono wa haraka. Wakati huo stesheni nyingi za reli zilikuwa na ofisi ya telegrafu, na aliyeishika stesheni alishika pia habari za eneo zima.

Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwaka 1910. González aliingia katika jeshi la Francisco Villa, maarufu kwa jina la Pancho Villa, akawa mmoja wa watu wake wa telegrafu. Jeshi la Villa lilisafiri sana kwa treni, likihamisha askari, farasi na mizinga kwa njia ya reli. Kwa hiyo mtu wa telegrafu alikuwa muhimu: ndiye aliyejua treni ya adui iko wapi, na ndiye aliyepeleka amri za viongozi wake.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika vita hivyo alitekwa na kuhukumiwa kupigwa risasi, akaokolewa na kundi la watoto wa shule waliosimama mbele ya askari. Alisimulia pia kwamba mmoja wa wasichana hao, María, ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Masimulizi hayo yalipata umaarufu baadaye na kuingia katika filamu zilizotengenezwa juu ya maisha yake.

Kuhamia Los Angeles

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 González alivuka mpaka pamoja na familia yake na kufika Los Angeles. Hakuwa peke yake. Vita vya Meksiko vilikuwa vimeharibu mashamba na kazi, na upande wa pili California ilihitaji vibarua wa kuchuma machungwa na ndimu, kutandaza reli, kutengeneza matofali na kujenga mji uliokuwa ukipanuka haraka. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iliweka idadi maalumu kwa wahamiaji kutoka Ulaya na karibu kuwafungia kabisa wale wa Asia, lakini haikuweka idadi kwa nchi za bara la Amerika. Sensa ya mwaka 1930 ilihesabu Wameksiko wapatao 97,000 katika jiji la Los Angeles pekee.

Maisha yao hayakuwa rahisi. Wengi waliishi mashariki mwa mto Los Angeles na karibu na Plaza, uwanja wa zamani wa mji. Walilipwa kidogo kuliko wafanyakazi wengine, na katika shule nyingi watoto wao walitengwa kwa maelezo kwamba hawajui Kiingereza. Gazeti la Kihispania lililosomwa zaidi lilikuwa La Opinión, lililoanzishwa na Ignacio E. Lozano mwezi Septemba 1926. Lakini mtu asiyejua kusoma, au anayetoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi usiku, hakupata faida kubwa ya gazeti.

González alianza kama kuli katika bandari ya San Pedro, bandari ya jiji hilo. Alipenda kuimba akiwa kazini, na inaelezwa kwamba ni sauti yake iliyowafanya wenzake wamhimize kujaribu bahati redioni.

Kuingia redioni

Redio ilikuwa bado chombo kipya. Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Redio mwaka 1927 ili kupanga masafa na leseni, kwa maana vituo vilikuwa vimeongezeka na kuingiliana hovyo. Karibu vituo vyote vilikuwa mali ya watu wanaozungumza Kiingereza, na mapato yao yalitokana na matangazo ya biashara.

Saa za jioni, familia zinapokuwa nyumbani, ziliuzwa kwa bei ya juu. Saa za alfajiri hazikuwa na mnunuzi. Wenye vituo walikuwa tayari kuziuza kwa bei nafuu kwa yeyote atakayezijaza, hata kwa lugha nyingine. Mtangazaji alinunua muda huo, akatafuta mwenyewe wafanyabiashara wa kutangaza bidhaa zao, na kilichobaki baada ya kulipia kituo kikawa chake. Kwa njia hiyo Kihispania, Kiitaliano, Kipolandi na lugha nyingine za wahamiaji zilipata nafasi katika redio za Marekani.

González aliingia kwa mlango huo. Kwanza alisoma matangazo ya biashara kwa Kihispania, kisha akaanzisha kipindi chake mwenyewe. Kituo kinachohusishwa zaidi na jina lake ni KELW cha Burbank, mji mdogo ulio kaskazini mwa Los Angeles. Herufi za kituo hicho zilitokana na jina la mwanzilishi wake, Earl L. White.

Los Madrugadores

Kipindi cha Los Madrugadores kilirushwa kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri. Kwa wenye kituo huo ulikuwa muda usio na thamani, lakini kwa wasikilizaji wa González ndio uliofaa kuliko wote. Mchuma matunda, mjenzi na mfanyakazi wa reli wakati huo walikuwa wameamka, wakinywa kahawa na kufunga chakula cha mchana. Hakukuwa na saa nyingine katika siku ambayo familia nzima ilikuwa karibu na redio.

Kulikuwa na faida ya pili iliyotokana na maumbile. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana, kwa sababu kukiwa giza huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka kwenye mtambo. Kabla jua halijachomoza hali hiyo huwa bado ipo. Ndiyo maana kipindi kilichorushwa kutoka Burbank kilisikika hata nje ya California, katika majimbo mengine ya kusini magharibi mwa Marekani.

Muziki ulipigwa moja kwa moja studioni. Kundi la wanamuziki nalo liliitwa Los Madrugadores, na kati ya waliojiunga nalo walikuwa ndugu wawili, Jesús na Víctor Sánchez, pamoja na Fernando Linares. Walipiga gitaa na kuimba kwa sauti mbili, nyingi za nyimbo zao zikiwa corrido. Corrido ni wimbo wa masimulizi wa Meksiko unaoeleza kisa kwa mpangilio: nani, wapi, lini na mwisho wake ukawaje. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuulinganisha na utenzi wa matukio, ingawa corrido ni fupi zaidi na huimbwa kwa gitaa. Kampuni za santuri ziliona soko hilo na kurekodi nyimbo za kundi hili.

Kati ya wimbo na wimbo González alizungumza. Alitaja mahali palipo na kazi, akasalimu wasikilizaji, akatoa habari za Meksiko na za mitaani, akawaomba watu wamsaidie aliyepatwa na shida. Alitumia Kihispania cha kawaida cha watu wa kaskazini mwa Meksiko, ambacho kibarua alikielewa bila taabu. Kadiri wasikilizaji walivyoongezeka, wafanyabiashara nao walitaka bidhaa zao zitajwe katika kipindi chake, na wanasiasa wa mjini waliotafuta kura za Wameksiko wenye uraia walianza kumtambua.

Umaarufu huo ulikuwa na upande wa pili. Mtu aliyeweza kutangaza jambo saa kumi na moja alfajiri na kuona mamia ya watu wamekusanyika kabla ya saa mbili alikuwa na uwezo ambao viongozi wa mji hawakuuzoea, tena katika lugha ambayo wengi wao hawakuielewa.

Miaka ya kufukuzwa

Mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka na Mdororo Mkuu wa Uchumi ukaanza. Mamilioni ya watu walipoteza kazi. Maofisa wa serikali kuu na wa miji walianza kudai kwamba Wameksiko wanachukua kazi na misaada iliyostahili kwenda kwa Wamarekani. William Doak, waziri wa kazi katika serikali ya Rais Herbert Hoover, alianzisha msako wa wageni wasio na vibali. Huko Los Angeles, Charles Visel, aliyeongoza kamati ya kushughulikia ukosefu wa kazi, alipendekeza misako itangazwe sana magazetini ili watu waogope na kuondoka wenyewe.

Tarehe 26 Februari 1931 maofisa wa uhamiaji na polisi waliizingira Plaza ya Los Angeles mchana na kuwazuia watu wapatao 400 waliokuwa wamepumzika hapo, wakidai kuona hati zao. Waliokamatwa kwa hakika walikuwa wachache, lakini habari ilienea na hofu ikaingia katika kila nyumba. Mwezi uliofuata kaunti ya Los Angeles ilianza kulipia treni za kuwapeleka watu Meksiko, kwa hesabu kwamba nauli ni nafuu kuliko kuwapa posho.

Idadi kamili ya walioondolewa au kushinikizwa kuondoka nchini kote katika miaka ya 1930 inabishaniwa. Makadirio ya wanahistoria huanzia watu 400,000 na kufika zaidi ya milioni moja. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani, hasa watoto waliozaliwa humo, ambao baadhi yao hawakuwahi kuiona Meksiko.

Mwezi Machi 1931, katika kijiji cha Lemon Grove karibu na San Diego, wazazi wa Kimeksiko walishinda kesi dhidi ya bodi ya shule iliyotaka kuwahamishia watoto wao katika jengo la peke yao. Watu walikuwa wameanza kujitetea mahakamani, na lugha ilikuwa katikati ya mabishano hayo.

González alitumia kipindi chake kupinga misako na treni hizo. Aliwaambia wasikilizaji kwamba wanatendewa isivyo haki na akawahimiza wasaidiane. Wakati ambapo magazeti ya Kiingereza yalieleza treni hizo kama msaada kwa maskini, wasikilizaji wa alfajiri walipata maelezo mengine kwa lugha yao. Kwa mujibu wa González na waandishi wa maisha yake, viongozi wa mji walijaribu kumnyang'anya kibali cha kutangaza, wakashindwa.

Kesi na kifungo

Mwaka 1934 González alikamatwa kwa tuhuma za kumbaka msichana wa miaka 16. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti ya Los Angeles wakati huo alikuwa Buron Fitts. González alikana. Alipewa nafasi ya kukiri kosa ili apate adhabu nyepesi, akaikataa. Mahakama ilimtia hatiani na kumpa kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 50. Hukumu za namna hiyo, zisizotaja idadi moja ya miaka, zilikuwa za kawaida California wakati huo, na bodi ya magereza ndiyo iliyoamua mfungwa atoke lini.

Baada ya miezi kadhaa msichana aliyetoa ushahidi aliukana na kusema kwamba alishinikizwa. Mawakili waliomba kesi isikilizwe upya, lakini ombi lilikataliwa na hukumu ikabaki. Wafuasi wa González waliamini tangu mwanzo kwamba kesi ilitengenezwa ili kumnyamazisha, na wanahistoria wengi waliomwandikia baadaye wamefuata maoni hayo.

Alipelekwa gereza la San Quentin, kaskazini mwa San Francisco, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani. Huko aliendelea kutetea haki za wafungwa na kushiriki migomo ya kutokula, na pia alitunga nyimbo.

Nje ya gereza kazi kubwa ilifanywa na mkewe, María. Alizunguka katika mitaa ya Wameksiko akichangisha fedha, akasaidia kuunda kamati za utetezi na kuandika maombi kwa viongozi wa Marekani na Meksiko, huku akilea watoto. Wasikilizaji wa zamani walichanga senti walizokuwa nazo, wakati wenyewe wakiwa hawana kazi. Corrido ziliimbwa kuhusu kesi hiyo, na hivyo mtu aliyejulikana kwa kurusha nyimbo za masimulizi akawa yeye mwenyewe kisa cha wimbo. Serikali ya Meksiko nayo iliingilia kati kumwombea.

Kundi la Los Madrugadores halikufa. Ndugu wa Sánchez na wenzao waliendelea kuimba redioni na kurekodi wakati mwanzilishi akiwa gerezani.

Maisha ya Tijuana na uzee

González aliachiliwa kwa masharti mwaka 1940 baada ya miaka sita, na papo hapo akafukuzwa Marekani. Alikaa Tijuana, mji wa Meksiko ulio mpakani kabisa, na kurudi kwenye kazi aliyoijua: kutangaza redioni. Mawimbi ya redio hayasimamishwi na mpaka, kwa hiyo watu wa kusini mwa California waliweza kuisikia tena sauti ambayo mwenyewe hakuruhusiwa kuvuka. Aliendelea na kazi hiyo kwa takriban miaka 30, pamoja na kuwasaidia wahamiaji waliopita Tijuana.

Katika miaka ya 1970 aliruhusiwa kuishi tena Marekani. Familia ilikaa San Ysidro, upande wa California wa mpaka uleule. Wakati huo vijana wa vuguvugu la Chicano walikuwa wakitafuta historia ya wazee wao, ambayo haikuwemo katika vitabu vya shule. Walimkuta González akiwa hai, na akawasimulia.

Katika miaka ya 1980 watetezi wake waliomba apewe msamaha rasmi wa jimbo la California. Juhudi hizo hazikufaulu. Alifariki dunia huko Lodi, California, mwezi Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 99. Hukumu ya mwaka 1934 ilikuwa haijafutwa.

Urithi

Maisha ya González yalijulikana zaidi kupitia filamu mbili. Ya kwanza ni filamu ya hali halisi Ballad of an Unsung Hero ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyoongozwa na Isaac Artenstein na kutayarishwa na Paul Espinosa, ambaye pia alitayarisha filamu kuhusu kesi ya Lemon Grove. Ya pili ni filamu ya kuigiza Break of Dawn ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Artenstein huyohuyo. Katika filamu hiyo mwimbaji wa Kimeksiko Oscar Chávez aliigiza kama González, na María Rojo kama mkewe. Rekodi za Los Madrugadores za miaka ya 1930 zilitolewa tena na kampuni ya Arhoolie ya California.

Katika historia ya utangazaji, González anawakilisha kipindi cha kwanza cha redio ya Kihispania nchini Marekani, ambapo mtangazaji alitegemea saa alizouziwa na mwenye kituo. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa wazi: kipindi kingeweza kuondolewa wakati wowote, kwa kuwa mtambo na leseni vilikuwa vya mtu mwingine. Hatua iliyofuata ilifikiwa San Antonio, Texas, mwaka 1946, Raoul Cortez alipofungua kituo cha KCOR, kinachotambuliwa kama kituo cha kwanza cha Kihispania cha siku nzima kilichomilikiwa na mtu wa jamii hiyo yenyewe.

Kuhusu kufukuzwa kwa Wameksiko, bunge la California lilipitisha mwaka 2005 sheria ya kuomba radhi kwa yaliyotendwa na jimbo hilo katika miaka ya 1930, nayo ilianza kutumika Januari 2006. Mwaka 2012 jiwe la kumbukumbu liliwekwa katikati ya Los Angeles, karibu na Plaza iliyozingirwa mwaka 1931. Radhi hiyo ilihusu jamii nzima. González hakuishi kuiona, na kesi yake haikuguswa nayo.